Maneno Yasiyobeba Kitu (2)

Katika sehemu ya kwanza tuliyatazama maneno ambayo msemaji huyatamka ili apate kuvuta pumzi, kama vile "yaani" na "nanihii", tukayasamehe, kwa kuwa mwenye kuyatumia hadai kwamba yana uzito. Leo tunayakabili yaliyovaa joho la elimu ilhali ndani ya joho hamna mtu.

Mizani ya kuyapimia iko Daudi, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ambako wenyeji wengi wamelelewa katika Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na nasaba na Kibantu chetu, yenye sauti za kooni zinazomkumbusha msikilizaji ile 'ain ya Kiarabu. Mtu wa Serikali akisimama mbele ya wazee wasiokizoea Kiswahili cha ofisini, akanena kwamba "suala zima la maji liko katika mchakato, na mikakati madhubuti imewekwa", mkalimani afasiri nini? Maji yanafasirika. Lakini hilo "suala zima" halizidi suala lenyewe hata chembe, na huo "mchakato", ambao kiwandani una maana timamu kabisa, hapa haumtaji mtendaji, wala siku, wala kijiji bomba litakamopita. Mkalimani mwaminifu ataishia kusema kwamba maji hayajafika, na hapo atakuwa ameifasiri hotuba yote pasipo kupunguza kitu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila tamko lisilofasirika ni tupu. Wairaqw wana dua ya baraka iitwayo slufay, ambayo mzee huisema kwa lugha ya kishairi, na hadhirina huitikia kwa pamoja. Mwitikio ule ukiutafutia tafsiri ya neno kwa neno hutaipata, walakini ndani yake imo ridhaa ya jamaa nzima, na dua isiyoitikiwa huwa imepungukiwa. Mtamkaji wa "mchakato" hapokei ridhaa ya mtu wala hatoi ahadi yoyote. Anaahirisha tu, na mwenye kudhurika ni mama anayengoja maji.

Nawasihi basi wenye dhamana ya kuhutubia raia waseme ni nani atakayetenda, atatenda nini, lini, na kwa fedha ipi. Na wasipojua, waseme hawajui. Juma lijalo, inshallah, tutazitazama barua za maofisini.