Je, Wajua? Mtoto Mmoja wa Rumonge

Je, wajua kwamba misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi ya Burundi haikujengwa Gitega wala Bujumbura? Ilikuwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Wakati huo Gitega haikuwa mji, na Bujumbura vilevile. Rumonge ilikuwa na maji, mitumbwi na njia ya kwenda Ujiji, na hayo yalitosha.

Je, wajua kwamba walioijenga waliondoka Marseille mwezi Aprili 1878 na kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo? Walitumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868. Mkuu wao mmoja, Padri Pascal, alifia njiani. Walipofika Tabora msafara ukagawanyika: wengine wakaelekea kwa Kabaka Mutesa, wengine Ziwa Tanganyika. Hao wa Uganda ndio waliowafundisha dini Wakatoliki 22 waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambao leo kila 3 Juni watu hufurika Namugongo kwa ajili yao. Wa ziwani nani anawakumbuka?

Je, wajua kwa nini waliitwa Weupe? Si rangi ya ngozi. Ni nguo. Walivaa kanzu nyeupe na joho la Kiarabu la Algeria, wakafuga ndevu, wakavaa rozari shingoni. Sasa fikiria ziwa lililokuwa limejaa wafanyabiashara wa Ujiji, nao wana kanzu, nao wana ndevu. Mvuvi akiona mtu wa namna hiyo anashuka mtumbwini, atajuaje kama huyu anakuja kukomboa mtoto na yule anakuja kumkamata?

Je, wajua kwamba walikuwa wakinunua watoto? Naam, kununua. Soko la watumwa lilikuwa hai pwani zote za ziwa, na Lavigerie aliagiza watoto wakombolewe kwa fedha au bidhaa, wakalelewe misheni. Nia ilikuwa njema, lakini kwa macho ya jirani, nyumba inayopokea watoto waliolipiwa ni nyumba inayopokea watoto waliolipiwa.

Je, wajua kwamba ugomvi wa Rumonge ulianzia hapo? Mtoto mmoja wa misheni aliangukia mikononi mwa Wabikari, watu wa jirani. Mapadre wakaenda kumdai. Maneno yakawa makali, silaha zikainuliwa. Tarehe 4 Mei 1881 wakauawa watatu: Padri Deniaud, Padri Augier, na D'Hoop, Mbelgiji mlei aliyekuwa zamani askari wa Papa. Hakuna aliyewauliza habari ya Utatu Mtakatifu. Walikufa kwa sababu ya swali la kale kabisa: mtoto ni wa nani?

Je, wajua kwamba India, kati ya Wahindu, kuna kisa kinachofanana sana na hiki? Mjesuiti Mreno, John de Britto, alivaa nguo za rangi ya zafarani kama mtawa wa Kihindu, akaacha nyama, akajifunza Kitamil. Mwana wa mfalme mmoja akabatizwa, na kwa kuwa Mkristo ana mke mmoja, akawaacha wake wengine. Mmoja wa walioachwa alikuwa mpwa wa mtawala wa Ramnad. De Britto alikatwa kichwa Oriyur, 4 Februari 1693. Kule ni mke, huku ni mtoto. Mhubiri hupita salama mpaka aguse nyumba ya mtu.

Je, wajua kwamba baada ya mauaji ya Rumonge Burundi ilikaa miaka 17 bila misheni ya kudumu? Muyaga ilifunguliwa 1898, Mugera 1899, zote mbali na ziwa. Na usidhani Mwami Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, aliwaogopa mapadre peke yao: Rumaliza, mfanyabiashara Mwislamu wa Ujiji, naye alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki, akarudishwa. Hata hivyo Uislamu ulipita kwa njia yake, ya biashara na ndoa, bila misheni wala bunduki. Ndiyo maana ukisimama sokoni Rumonge leo, kati ya madumu ya mawese na mafungu ya samaki wa mukeke, utasikia Kiswahili kabla ya Kirundi, na adhana kabla ya kengele.

Je, wajua kwamba mateso makubwa ya Kanisa Burundi hayakufanywa na wapagani bali na rais aliyebatizwa? Chini ya Jean-Baptiste Bagaza, misa za siku za kazi zilipigwa marufuku, mamia ya wamisionari wakafukuzwa, na shule za Yaga Mukama, ambako watoto wa kijijini walijifunza kusoma pamoja na katekisimu, zikafungwa. Buyoya alipompindua Septemba 1987 akalegeza. Kwa Wakatoliki. Mashahidi wa Yehova walikamatwa 1989.

Je, wajua Buyengero, kwenye vilima vilivyo juu ya Rumonge? Usiku wa 30 Septemba 1995 waliuawa huko Waitalia watatu: mapadre Ottorino Maule na Aldo Marchiol, na mlei Catina Gubert.

Je, wajua Buta, huko Bururi? Alfajiri ya 30 Aprili 1997 wenye silaha waliingia seminari ndogo na kuwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa, wakabaki wameshikana. Wakafa 40. Wamezikwa hapohapo seminarini. Nikiulizwa mimi, kati ya yote yaliyomo humu, hili ndilo la kusimulia watoto.

Je, wajua kwamba balozi wa Papa aliuawa kwenye barabara ya Rumonge? Askofu Mkuu Michael Courtney, Mwairishi, alikuwa akirudi kutoka mazishi ya padri Bururi. Gari lake likamiminiwa risasi Minago, 29 Desemba 2003. Waasi wa FNL walilaumiwa, wakakana. Mabasi ya Bujumbura hupita Minago kila siku, na wachuuzi wa samaki hukimbilia madirisha.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua kesi ya kuwatangaza wenyeheri mashahidi wa udugu? Wamo vijana wa Buta, wamo Waitalia wa Buyengero, yumo na padri mshairi Michel Kayoya, aliyeuawa Gitega 1972. Wale watatu wa Rumonge, waliotangulia wote na waliokufa wakimdai mtoto, hawamo.