Jalidi Hushuka Bondeni

Mtu aliyezoea kulima Tanga au Mombasa akihamia Johannesburg, mchicha wake hauvuki Juni. Asubuhi moja anaukuta umelala chini, majani yamekuwa meusi na teketeke kama yaliyochemshwa. Anaangalia utabiri wa hali ya hewa: usiku uliopita joto lilishuka hadi nyuzi 3 tu, sifuri haikufikiwa. Basi mchicha umeuawa na nini?

Umeuawa na anga jeupe. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua zake ni za kiangazi, yaani Oktoba hadi Machi. Kuanzia Juni hadi Agosti hunyesha milimita chache tu, na usiku hakuna wingu. Bila wingu la kuifunika, ardhi hulipoteza upesi joto ililokusanya mchana. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa kimo cha mtu, mboga ziko chini, na huko chini baridi inaweza kuzidi kwa nyuzi 3 au 4. Unyevu wa hewa huganda na kuwa jalidi, ule weupe unaovunjika ukiukanyaga. Watu wa Makete na Limuru wanaujua vizuri.

Theluji ni habari nyingine. Ilianguka Agosti 2012, kisha Julai 2023, na kila mtu akatoka kupiga picha. Mkulima hana haja ya kuihofia. Jalidi ndiyo inayokuja kila mwaka.

Hewa ya baridi ni nzito na hutiririka kufuata mteremko. Kwa hiyo anayeishi juu ya vilima vya Northcliff au Observatory anaweza kupitisha msimu na mlimau mzima, huku mwenzake wa bondeni kando ya mto Jukskei akiunguziwa wake. Hata katika ua mmoja, ukuta uliokatiza mteremko huizuia hewa hiyo, na mimea iliyo upande wa juu wa ukuta ndiyo inayoumia. Mwezi Mei, kabla ya kununua chochote, tembea uani alfajiri uone weupe umelala wapi.

Jambo jingine linalowachanganya waliotoka karibu na ikweta ni jua. Hapa msimu wa baridi jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa matofali unaotazama kaskazini hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Mpapai, mlimau mchanga na bogenvilia ziwekwe hapo. Upande wa mashariki unaonekana mzuri, lakini unadanganya: jua la alfajiri huyeyusha majani yaliyoganda kwa ghafla, na kuyeyuka huko huyaumiza zaidi.

Kufunika mimea ni kazi ya jioni. Shuka kuukuu linatosha, au kile kitambaa cheupe chepesi kinachouzwa kwenye maduka ya miche, alimradi kifike hadi chini ili kibakize joto la ardhi. Nailoni ikigusa jani, jani hilo litaungua. Mwagilia asubuhi jua likishapanda, si jioni. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko mkavu, na ukame wa miezi hii huua mimea mingi ambayo lawama zake hupewa baridi.

Sukuma wiki, kabichi, spinachi, karoti na njegere haziogopi baridi hii, ingawa maua ya njegere huungua. Sukuma wiki hata huongezeka utamu, kwa kuwa mmea hukusanya sukari majanini ili usigande. Vitunguu saumu vilivyopandwa Machi au Aprili vinaitaka baridi. Bila hiyo havigawanyiki vidole.

Julai ni mwezi wa mkasi. Mpichi huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka uliotangulia, kwa hiyo ukiyakata yote umejinyima matunda. Punguza, fungua katikati mwanga upite. Kabla machipukizi hayajavimba, nyunyizia dawa ya ukungu yenye shaba kuzuia ule ugonjwa unaokunja majani na kuyafanya mekundu. Maua yakishachanua umechelewa. Mawaridi nayo hupogolewa kuanzia katikati ya mwezi huu. Lakini mlimau, hibiskasi na bogenvilia zilizoungua usiziguse. Majani yale makavu yanachukiza macho, ila yanakinga yaliyo chini yake, na ukikata sasa utaamsha machipukizi mororo yatakayouawa na jalidi inayofuata. Ngoja Septemba.

Agosti ndio mwezi wa hila. Mchana unapata joto, mipichi inachanua waridi mitaa mizima, na mtu anashawishika kupanda nyanya. Jalidi bado inaweza kurudi hata mwanzoni mwa Septemba, na pepo za Agosti hukausha miche kwa siku moja. Sia nyanya na pilipili ndani, dirishani, ndipo uzitoe nje baada ya katikati ya Septemba. Mchicha usubiri hadi udongo upate joto, na mahindi yasubiri mvua za Oktoba.

Na majani ya uani, yale yaliyokauka tangu Juni? Mengi ni kikuyu, nyasi ya milima yetu ya Afrika Mashariki iliyopewa jina la Wakikuyu na kuletwa huku karne iliyopita. Hayajafa. Yafyeke chini mwishoni mwa Agosti, tandaza mboji kidogo, umwagilie.