Nzi wa Matunda: Vita Vinaanzia Chini ya Mti

Ukiingia katika shamba la avokado hapa Mathira, tazama chini kabla ya kutazama juu. Mara nyingi utakuta matunda yaliyoanguka yamelala kwenye majani, mengine yakiwa na kitundu kama cha sindano. Wengi wetu tunayaacha hapo tukisema yatakuwa mbolea. Ukweli ni kwamba hapo ndipo kizazi kijacho cha nzi wa matunda kinapolelewa.

Nzi anayetusumbua zaidi, anayejulikana kitaalamu kama Bactrocera dorsalis, asili yake ni bara Asia. Aligunduliwa nchini mwaka wa 2003 katika eneo la Pwani, na tangu wakati huo ameenea mbali. Hachagui sana chakula: maembe, mapera, machungwa, avokado, hata matufaha ambayo baadhi ya wakulima wa Nyeri wanayapanda. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda. Baada ya siku moja au mbili funza huanguliwa, hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hutoka na kujichimbia udongoni, sentimita chache tu, ili kuwa bundo. Nzi mzima hutokea hapo. Baridi ya Mlima Kenya huurefusha mzunguko huu lakini haiuvunji.

Hasara haiishii kwenye tunda lililooza. Mwaka wa 2007 Afrika Kusini ilifungia avokado za Kenya soko lake kwa sababu ya nzi huyu. Mwaka wa 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kuuza maembe katika Muungano wa Ulaya kwa sababu iyo hiyo. Soko la China, lililopokea avokado zetu mbichi kuanzia 2022, lina masharti makali kuhusu wadudu, na wakaguzi wa KEPHIS wakikuta funza, mzigo hausafiri. Mkulima ambaye matunda yake yamekataliwa hubaki na soko la Karatina au broka wa barabarani, na sote tunajua bei ya huko msimu ukipamba moto.

Basi kwa nini tusinyunyizie dawa tu? Kwa sababu funza yumo ndani ya tunda na bundo limo udongoni, mahali ambapo dawa ya majani haiwafikii. Anayefikiwa kwa urahisi ni nyuki. Ua la avokado hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha likiwa dume, kwa hivyo linahitaji mdudu wa kubeba chavua. Anayenyunyizia dawa wakati wa maua anajipunguzia mavuno kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi ya kwanza haina gharama ila jasho. Okota matunda yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, uyafukie kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, au uyafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi funza wafe. Usiyatupe kwenye boma la mbolea. Halafu kuna mitego. Ule wenye methyl eugenol huwavuta madume, na majike yakikosa madume hayatagi mayai yenye uhai. Chambo cha protini huwavuta majike, ambao huhitaji protini ili kutengeneza mayai. Hunyunyiziwa sehemu ndogo tu ya majani ya kila mti, si kwenye matunda. Uliza agroveti au afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua, kwa sababu chambo cha spishi moja huenda kisimvute nzi wa spishi nyingine.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoko Kasarani, Nairobi, kimeachilia pia nyigu wadogo waliotoka Hawaii. Mmoja wao, Fopius arisanus, hutaga ndani ya mayai ya nzi. Hawaumi watu.

Wanaodhani hii ni mizaha ya wataalamu wawaulize wazee wa kahawa. Katika miaka ya 1920 kidung'ata, yule mdudu mwenye unga mweupe, alishambulia kahawa ya nyanda za juu. Wataalamu walihangaika hadi Asia kutafuta adui yake, kumbe mdudu mwenyewe alikuwa ametoka Uganda. Mwaka wa 1938 nyigu waliletwa kutoka huko huko, na kidung'ata akadhibitiwa. Baadaye, dawa kali zilipotumiwa ovyo, nyigu hao waliuawa na kidung'ata akarudi.

Jambo moja gumu limebaki, nalo ni jirani. Nzi haoni ua wala mpaka wa shamba. Mpera mmoja ulioachwa kando ya barabara unatosha kuwalea wanaorudi kwenye miti yako. Vikundi vya wakulima vikipanga siku moja ya kuokota matunda kijiji kizima, mitego ya kila mmoja itafanya kazi zaidi. Anzeni miti inapofunga matunda, kabla ya broka wa kwanza kupiga hodi.