Mtoto anapoomba kwenda ziwani wakati wa giza

Saa 11 jioni kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wavuvi hupanga taa, hujaza mafuta na kutazama mawingu upande wa Kongo. Pembeni hawakosekani wavulana ambao bado wana sare za shule mwilini. Wanabeba hiki na kile, wakingoja kuambiwa, "Panda, twende."

Oktoba ni mwezi wa maombi hayo. Upepo wa kusini uliosumbua Ziwa Tanganyika tangu Mei umepungua. Bahati mbaya, ndio msimu wa mitihani ya darasa la nne na kidato cha pili.

Mzazi asiyevua anapaswa kuijua kazi yenyewe kabla ya kujibu. Mchana dagaa hushuka kwenye maji ya kina. Jua likizama hupanda kufuata vijidudu wanavyokula, na taa huwakusanya. Kwenye kipe, yaani vyombo viwili vilivyounganishwa sambamba kwa miti, wavu hushushwa chini ya taa, watu hungoja, kisha huuvuta kwa pamoja. Migebuka huja kuwala dagaa, nao hunaswa humo humo. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi hufifia. Ndiyo maana wengi hupumzika karibu wiki moja kila mwezi.

Mvuvi hupata mgawo wa kilichovuliwa baada ya kutoa gharama za mafuta. Hivyo nyumba huwa na wiki za kushiba na wiki za kukopa dukani. Mbaya zaidi, giza haliendi na kalenda ya shule: tarehe zake hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Januari ya sare na madaftari inaweza kuangukia giza mwaka huu, mwaka mwingine mbalamwezi. Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, magiza yalipita bila mgawo.

Hapo ndipo mtoto anapoanza kuonekana msaada. Usiku wenye neema, mvulana anaweza kurudi na pesa kuliko mama aliyeanika dagaa kutwa nzima. Ni vigumu kumwambia asubuhi ile kwamba hesabu za darasani zina faida, hasa kama ndiye aliyenunua unga.

Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na muda huo ndio uvuvi wenyewe. Ziwa lina kina cha hadi mita 1,470, na mvua huja na dhoruba za ghafla. Mtoto mwenye usingizi, miguu ikiwa katikati ya kamba, hana nafasi kubwa ya kujiokoa. Jaketi la mtu mzima nalo humvuka kichwani akianguka majini.

Baba anayetaka kumrithisha mwanawe kazi ana wiki ya mbalamwezi. Nyavu zimetandazwa nchi kavu, zinashonwa. Hapo mtoto hujifunza kushika sindano, kufunga fundo, kutunza betri za taa, na kusikiliza tahadhari za upepo na mawimbi za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kuogelea afundishwe mchana, karibu na ufuko, mtu mzima akiwa majini.

Mama naye ana darasa lake: kuanika kwenye chanja badala ya mchangani, na kuwahi kufunika wingu likitanda, kwani dagaa walionyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku. Akipewa daftari aandike ndoo zilizonunuliwa, zilizouzwa na fedha iliyowekwa akiba kabla mwezi haujang'aa, mtoto huyo huyo ataweza kumwambia baba yake kama ya Januari imeshatimia.