Maumivu ya kiwiko: Chunguza kazi ya mikono yako

Ukishindwa kuinua birika la chai asubuhi kwa sababu ya maumivu upande wa nje wa kiwiko, ilhali hukuanguka wala kugongwa, usikimbilie kusema ni baridi yabisi. Huenda ni ule ugonjwa ambao madaktari huuita kiwiko cha tenisi.

Jina hili linapotosha. Lilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1880, mchezo huo ulipokuwa umepamba moto huko, nalo limebaki hadi leo. Lakini wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Humu mijini utawapata miongoni mwa akina mama wanaofulia watu nguo, maseremala, wapaka rangi, wauza nyama wanaopasua mifupa kutwa, wapishi wa chapati na makarani wa kompyuta. Aghalabu huwapata watu wa kati ya miaka 35 na 55, tena katika mkono wanaoutumia zaidi.

Ili kuelewa kinachotokea, shika kigasha cha mkono mmoja, kisha inua kiganja chake kama askari wa trafiki anayesimamisha gari. Utahisi misuli ikikaza. Misuli hiyo imeshikamana na mfupa wa kiwiko kwa kano, na kila unapokamua nguo au kukaza mkono kwenye nyundo, kano hiyo huvutwa. Ikivutwa mara mamia kwa siku bila nafasi ya kupona, nyuzi zake huchakaa na kuchanika kidogo kidogo. Ndiyo sababu vidonge vya kupunguza uvimbe hutuliza maumivu lakini haviponyi kano.

Vidonge hivyo, kama vile daiklofenaki, si peremende. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asivinunue bila kumwona daktari. Ile ya kupaka ina madhara machache.

Jambo la kuzingatia zaidi ni sindano. Wengi huiomba, na si ajabu, kwani anayelipwa kwa siku hana muda wa kungoja. Sindano ya steroidi hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2006 na 2013 zilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, waliodungwa dawa hiyo walikuwa na hali mbaya kuliko ambao hawakudungwa, na maumivu yaliwarudia zaidi. Mtu anayekudunga bila kukueleza hayo hakutendei haki.

Kinachosaidia ni mazoezi. Laza kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, huku umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha kiachie kishuke polepole ukihesabu hadi nne. Rudia mara 10, pumzika, halafu fanya hivyo mara mbili zaidi, kila siku. Maumivu madogo si neno. Yakiendelea hadi kesho yake, punguza maji. Huenda ukahitaji wiki 6 hadi 12 kabla ya kuona nafuu ya kweli, na wengi hupona katika muda wa mwaka mmoja.

Kazi nayo haiachiki. Basi inua mizigo kiganja kikitazama juu, ikiwa karibu na mwili. Mablanketi na suruali za jinzi zikamuliwe na watu wawili, au zitundikwe zichuruzike zenyewe. Mpini mwembamba uzungushie mpira wa tyubu ili usiukaze mno.

Mwone daktari bila kukawia iwapo kiwiko kimevimba, kina joto na una homa, kidole cha mwisho kinakufa ganzi, mkono haunyooki, au maumivu yanaanzia shingoni.