Nani azae na nani: hesabu ngumu ya gorila walio kifungoni

Oktoba 2024 gorila majike wanne walisafirishwa kwa helikopta mashariki mwa Kongo. Majina yao ni Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala. Wote waliokolewa mikononi mwa majangili wakiwa wadogo, wakalelewa kwa zaidi ya miaka kumi katika kituo cha gorila yatima cha GRACE kilichopo Kasugho, Kivu Kaskazini. Walipelekwa Mlima Tshiaberimu, kaskazini mwa Hifadhi ya Virunga, ambako walikuwa wamebaki gorila wanane tu. Kwanza walikaa ndani ya uzio msituni. Dume wa porini aitwaye Mwasa akawa anakuja uzioni, wakazoeana, na uzio ulipofunguliwa wakaondoka naye.

Kwa nini walipelekwa majike, na si madume? Jibu limo katika maisha ya gorila wenyewe. Familia yao huongozwa na dume mkubwa, ambaye nywele za mgongoni hugeuka nyeupe akiwa na miaka 12 hivi au zaidi. Chini yake wapo majike kadhaa na watoto. Binti akishapevuka, akiwa na miaka minane au zaidi kidogo, huiacha familia ya baba yake na kumfuata dume mwingine. Dume mgeni hapokelewi hivyo. Hupigana na mwenye familia, na akishinda anaweza kuua watoto wachanga aliowakuta, kwa kuwa jike anayenyonyesha hashiki mimba. Tshiaberimu ilihitaji damu mpya bila kumwaga damu, ndiyo maana wakachaguliwa majike.

Sasa fikiria gorila aliye kwenye bustani ya wanyama huko Ulaya au Marekani. Binti anapevuka, lakini kuta zimemzunguka na dume pekee aliyepo ni baba yake. Mfugaji wa hapa Segese, Kanda ya Ziwa, analielewa jambo hili haraka: dume la ng'ombe haliachwi zizini mpaka liipande mitamba liliyoizaa lenyewe, bali hupelekwa mnadani au hubadilishwa na la jirani. Bustani nazo hufanya hivyo, ila zizi lao limetawanyika katika nchi nyingi na mnyama mmoja huishi miaka 40 au zaidi.

Mwanzoni hazikufanya hivyo. Kwa miongo mingi gorila alikamatwa Afrika akiwa mtoto, akasafirishwa na kuwekwa peke yake au wawili wawili. Wa kwanza kuzaliwa kifungoni, Colo, alizaliwa Columbus, Marekani, tarehe 22 Desemba 1956. Wa pili, Goma, alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1959. Wote wawili walilelewa na binadamu kwa chupa. Baadaye ikaonekana kwamba mtoto aliyekua hivyo hupata shida ya kuishi na wenzake, na jike asiyewahi kuona mwenzake akinyonyesha huenda asijue afanye nini na mtoto wake mwenyewe. Kulea ni kitu gorila anachojifunza kwa kutazama.

Mtoto aliyefuata hapo Basel, dume aliyezaliwa mwaka 1961, aliachiwa mama yake amlee. Walimwita Jambo. Mwaka 1972 alihamishiwa kisiwa cha Jersey, kwa sababu bustani ya huko ilikuwa na majike bila dume, na akazaa nao watoto wengi. Agosti 1986 mvulana wa miaka mitano alitumbukia ndani ya eneo la gorila akapoteza fahamu. Jambo alisimama kati yake na wenzake, akamgusa mgongoni taratibu, na mtoto alipozinduka na kuanza kulia akawaondoa gorila wengine mahali pale. Picha za siku ile zilibadilisha fikra za watu wengi kuhusu mnyama huyu.

Tangu mkataba wa kimataifa wa CITES uanze kufanya kazi mwaka 1975, biashara ya gorila wa porini imefungwa. Bustani zinategemea waliomo, karibu wote wakiwa gorila wa nyanda za chini za magharibi, wa Kameruni, Gaboni na nchi jirani. Kila mmoja ameandikwa katika daftari la nasaba la dunia: baba, mama, mahali alipozaliwa, alikohamishiwa. Kwa Ulaya yuko mratibu mmoja na kamati yake, na Marekani wana mpango wao. Hawa hupiga hesabu ya undugu. Gorila mwenye ndugu wachache hupewa nafasi ya kuzaa kwanza, na yule ambaye ukoo wake umeshajaa husubiri. Bustani haimuuzi gorila kwa inayolipa zaidi. Anakwenda anakohitajika.

Kusubiri kunafanyika kwa dawa. Majike wengi walio kifungoni hupewa vidonge vya uzazi wa mpango, vilevile ambavyo akina mama huchukua zahanati. Mimba ya gorila ni miezi minane na nusu, na porini huzaa mara moja kila baada ya miaka minne hadi sita.

Mzigo mzito zaidi ni madume. Watoto wa kiume na wa kike huzaliwa karibu sawa, lakini familia inataka dume mmoja. Hao wengine waende wapi? Bustani kadhaa zimeunda makundi ya madume watupu. Wakianza wangali vijana hukaa vizuri kwa miaka, kisha mmoja anakomaa, ugomvi unaanza, na wengine huishia kuishi peke yao. Ulaya wamejaribu hata kuhasi madume wachache wakiwa wadogo. Kwangu mimi hapa ndipo ufugaji wa gorila unapohukumiwa. Kichanga kikizaliwa watu hufurika kukiona. Swali la dume wa miaka 15 asiye na familia halina mtazamaji.

Gorila akihamia kundi jipya, lango halifunguliwi siku hiyo. Kwanza hukaa karantini na kupimwa, kifua kikuu kikiwemo. Kisha huwekwa chumba cha jirani, akionana na kunusana na wenyeji kupitia wavu. Wakitulia, jike mmoja huachiwa kuingia kwa mgeni, halafu wa pili. Watunzaji wanatazama nani anageuza uso, nani anakataa kula, nani anakaa karibu na nani. Inaweza kuchukua miezi.

Afya yao nayo ina mengi ya kutufunza. Ugonjwa unaoua sana madume wazima walio kifungoni ni wa moyo: msuli wa moyo hukakamaa polepole na kujaa makovu. Gorila wa porini hushinda akitembea na kula majani, mashina na matunda yenye nyuzinyuzi nyingi. Wa kifungoni kwa miaka mingi alilishwa vyakula vya kiwandani vyenye wanga na sukari, akanenepa. Sasa bustani nyingi zimerudi kwenye majani. Dume wa kilo 180 hufundishwa kuleta kifua chake kwenye wavu apimwe moyo kwa ultrasaundi akiwa macho, kwa sababu dawa ya usingizi ni hatari kwa moyo mgonjwa. Magonjwa yetu ya kifua pia huwapata. Januari 2021 gorila wa San Diego, Marekani, walipata virusi vya korona.

Kanda yetu ya Ziwa nayo ina historia yake katika kurudisha porini wanyama waliokuwa kifungoni. Kati ya 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, lilileta sokwe 17 kutoka bustani za Ulaya na kuwaachia Kisiwa cha Rubondo, ambacho leo ni hifadhi ya taifa mkoani Geita. Hawakuandaliwa kwa lolote. Baadhi walishambulia watu, na madume wawili wakapigwa risasi. Waliobaki walijifunza kula vya msituni na kujenga viota vya kulalia, wakazaliana, na leo vizazi vyao ni makumi ya sokwe wa porini kabisa. Rubondo ilikuwa na bahati ambayo misitu mingi ya Kongo haina: msitu mzima, maji pande zote, na hakuna mgodi ndani yake.

Kwa gorila wa Kongo, mgodi ni chanzo kikubwa cha shida. Misitu ya Kahuzi-Biega na Itombwe imejaa wachimbaji wadogo wa dhahabu, bati na koltani. Wachimbaji wanahitaji kitoweo, mahindi na nyama ya ng'ombe hazifiki, basi wawindaji huingia msituni. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kuwa gorila wa nyanda za chini za mashariki walikuwa wamebaki 3,800, wakati miaka ishirini nyuma walikisiwa kuwa karibu 17,000. Hesabu ya 2021, iliyofika maeneo yasiyopimwa kabla, ilitoa 6,800. Hata hiyo bado ni chini ya nusu ya waliokuwepo.

Mama akiuawa kwa ajili ya nyama, mtoto aliyemng'ang'ania mwilini huuzwa akiwa hai. Hivyo ndivyo yatima wa Kasugho wanavyopatikana.

Wachimbaji wa Kahama na Geita ni watu wa kusafiri. Penye rashi ya dhahabu hufika, hata nje ya mipaka. Ewe ndugu yangu, ukiwa kambini ukaletewa mtoto wa gorila, wa sokwe au wa mnyamapori mwingine yeyote, usimnunue, hata kama umeshikwa na huruma. Pesa yako inamrudisha mwindaji msituni kesho yake. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au polisi wa karibu. Na ukienda Rubondo kuwatazama sokwe huku una mafua, mwambie mwongozaji, ubaki ufukweni.