Usichome nyuki wa ploti yenu, wafyonze na ndoo

Hebu fikiria. Ni Jumamosi jioni, umerudi zako mtaani, unakuta watu wamejaa nje ya geti. Nyuki wameingia kwenye dari ya kibanda cha bawabu. Mama mboga amefunika meza yake na gunia. Watoto wamefungiwa ndani. Mwenye ploti amekuja na chupa ya petroli na kiberiti. Halafu unasikia mdomo wako mwenyewe ukisema: "Ngojeni, mimi nitawatoa wakiwa hai."

Huyo alikuwa mimi, pale Umoja. Nilikuwa nimeacha chuo baada ya karo kuisha, na ploti nzima ilijua. Nilitaka waone kuna kitu naweza. Kitu chenyewe nilikuwa nimekiona tu kwenye video: mashine ya kufyonza nyuki.

Nikuambie ukweli mapema. Siku hiyo niliua nyuki wengi kuliko niliowaokoa. Naandika hii ili wewe usirudie yangu.

Lakini kwanza, kwa nini usichome tu? Moja, petroli na dari ya mbao ni noma, unaweza kumaliza ploti nzima. Mbili, ukiua nyuki masega yanabaki. Asali inaanza kuvuja ukutani, siafu na nondo wanahamia, na harufu ya nta inaita kundi lingine msimu wa maua ukifika. Tatu, hao wadudu ndio wanaofanya maboga, tikitimaji na parachichi unazonunua zizae vizuri.

Sasa, mashine. Sikuwa na pesa, kwa hivyo nilichukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikatoboa matundu mawili, nikaazima kifyonza vumbi kwa beshte anayeosha magari. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nguvu nyingi, kazi chapuchapu. Kwa nusu saa dari ilikuwa tupu na watu wakanipigia makofi.

Kisha nikafungua ndoo. Ndani kulikuwa na rundo limelowa, limeshikana kama uji ulioganda. Wachache tu walikuwa wanatambaa juu ya wenzao.

Mzee mmoja wa kutoka Mwingi, ambaye huuza asali mtaani kwetu, alichungulia akanyamaza kidogo. "Kijana," akaniuliza, "ulikuwa unabeba nyuki ama ulikuwa unawapiga?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimtafuta nikamwomba anifundishe. Mzee hakuwa ameona mashine kama hiyo maishani, lakini nyuki aliwajua. Aliniambia wangu walikufa kwa vitu vitatu: kipigo, joto na asali. Tukaunda ndoo upya tukifuata hivyo vitatu.

Tuanze na kipigo. Paipu ya kwanza ilikuwa ile yenye mikunjo ndani, kila mkunjo ni kofi kwa nyuki. Tafuta paipu laini ndani, fupi, pana kama sentimita nne, na ukiweza iwe ya kuonyesha ndani ili uwaone wakipita. Ipitishe kwenye tundu la ubavuni, karibu na mdomo wa ndoo. Upande wa pili, mahali wataangukia, bandika kipande kinene cha sponji.

Kwenye mfuniko toboa tundu la mashine, na kwa ndani uzibe na wavu wa waya wa dirisha, la sivyo nyuki watapita hadi kwenye mfuko wa vumbi. Kando yake toboa tundu lingine, nalo pia liwe na wavu. Juu yake weka kipande cha plastiki kinachozunguka kwa skrubu moja. Hili ndilo lililonikosa mara ya kwanza. Ukilifungua, mashine inavuta hewa ya nje na nguvu kwenye paipu inapungua. Anza likiwa wazi kabisa, kisha lifunge polepole mpaka nyuki aachie sega tu. Ukisikia wakigonga ndani ya paipu, fungua tena.

Joto nalo. Nyuki maelfu wakijazana mahali bila hewa wanapandisha joto, wanatapika asali, wanalowana na kufa. Kwa hivyo tulikata madirisha kwenye ubavu wa ndoo, tukayafunika na wavu, na juu tukabandika selotepu wakati wa kufyonza. Ukizima mashine tu, toa selotepu na uweke ndoo kivulini. Usiiache hivyo ukaenda kula.

Asali ndiyo ya mwisho. Usifyonze mahali inapovuja. Kata sega moja moja kwa utaratibu, weka la asali kwa sufuria yenye mfuniko, na lile lenye watoto ulifunge kwa uzi kwenye mbao za mzinga. Nyuki wetu huhama haraka, lakini wakikuta watoto wao wana sababu ya kubaki. Malkia, yule mwenye mkia mrefu, ukimwona usimfyonze. Mweke kwa kiboksi chenye matundu.

Sasa nisikilize vizuri. Nyuki wa Kenya ni wakali. Usifanye hii kazi peke yako, na usiifanye bila mtu aliyezoea nyuki, suti kamili, glavu na moshi. Ondoa watoto, majirani na mbwa waliofungwa. Ngoja jioni, jua likipoa na wengi wakiwa wamerudi. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, hiyo ni kengele yao ya vita, rudi nyuma. Mtu akiumwa mara nyingi, au akianza kufura uso na kukosa pumzi, kimbia hospitali papo hapo.

Nafasi ya pili ilikuja baada ya wiki kadhaa, ukutani mwa karakana ya seremala. Tulichukua karibu saa mbili. Hakuna aliyepiga makofi, wengi walichoka wakaenda kulala. Nilipofungua ndoo, waliokufa walijaa kiganja kimoja tu. Wengine walikuwa wananguruma kama matatu inayongoja abiria.

Usiku huo tuliwapeleka kwa pikapu hadi shamba la jamaa wa mzee huko Matuu, tukawamimina mzingani pamoja na watoto wao. Sikulala vizuri, nilijua wanaweza kuondoka.

Siku ya tano mzee alinipigia simu. "Wako hapa," akasema. "Wanaingia na chavua miguuni."

Mwenye ploti naye amenipigia juzi. Kuna nyuki kwenye nyumba yake nyingine, na safari hii hakutaja petroli. Aliuliza ni pesa ngapi.